Maua ya Maboga Kutoka Rau

Mama,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi, lakini kuanza bila shikamoo nimeshindwa. Ungenitolea lile jicho lako.

Huku nyumbani tupo. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Kiti chako cha jikoni hakuna anayekikalia, hata mimi nakalia ndoo. Ila sikuandikii kwa ajili ya hayo. Mdogo wako amenibana kwa swali moja, na kichwa changu kimevurugika kabisa.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mama mdogo Ndeanka alinivuta pembeni. "Mwanangu, dada aliyala yale maua?" Nikajifanya naitwa na wanakwaya, nikakimbia. Mtu mzima mimi, Mama, na kitenge changu!

Wewe hukujua kama kuna maua yaliletwa. Au ulijua? Hapo ndipo ninapopotea.

Wiki mbili kabla hujatuacha, alipanda kutoka kwake Rau na maua ya maboga, kayafunga kwa jani la mgomba. Hakuingia ndani. Alisimama nje kwenye uzio wa masale, akanikabidhi. "Mpe. Akila, nitajua." Nilimwelewa. Bibi aliwalea kwa sheria moja: chakula cha mgomvi wako hakiliwi, na ukikila, ugomvi umekufa. Na tangu ang'oe mibuni ya Babu akapanda parachichi bila kukuuliza, ni miaka sita hukugusa hata chai yake. Kwenye msiba wa mjomba ulishinda na njaa kwa sababu yeye ndiye aliyepika. Jeuri yako, Mama, jamani!

Niliogopa. Ningekutajia jina lake ungesema tupa, na ilikuwa siku ya tatu huli kitu. Basi nikayamenya nyuzi, nikayapika na ndizi, nikaunga kwa maziwa. Ukaniuliza, "Maboga yetu yameshachanua?" Nikasema ndiyo. Mwongo mkubwa mimi, maboga yetu mbuzi walishayamaliza.

Ulikula. Ukaomba nikuongeze. Halafu ukachokoachokoa bakuli kwa kijiko, ukacheka kidogo, ukasema, "Leo hujaniulia boga hata moja."

Maana mimi tangu utoto nachuma hovyo, maua majike kwa madume, na vile viboga vichanga vya nyuma ya ua navyo vinaingia chunguni. Ulinisema mpaka ukachoka. Siku ile hakikuwemo hata kimoja. Mama mdogo huchuma madume tu, kama Bibi alivyowafundisha nyote wawili.

Sasa ulikuwa unanisifu, au ulishamjua aliyechuma? Leo nasema ulijua, usingecheka vile. Kesho nasema hapana, mgonjwa kafurahia chakula tu, basi. Kama ulijua, ulimsamehe. Kama hukujua, basi mimi nilikuibia msamaha wako nikaupika. Nikimwambia "alikula" nikanyamaza, atalia kwa furaha, na huenda nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Nikimwambia "hakula", nitakuwa nimemmaliza. Halafu nina hasira na wewe pia. Kwa nini hukumtaja tu? Jina moja, Mama! Lingekugharimu nini?

Sijui. Nimesali, na bado sijui.

Jumamosi nitashuka Rau. Nakuahidi nitamweleza yote: kwamba nilikudanganya, kwamba ulikula ukaomba kuongezewa, na maneno yako yale yale bila kuyatia chumvi. Yeye alikula nawe sahani moja tangu mkiwa wadogo, pengine kicheko chako anakijua kuliko mimi. Akisema ulijua, nitamwamini. Akisema hukujua, nitapiga magoti pale pale uani kwake nimwambie umemsamehe, na ile miaka sita nimwombe radhi kwa niaba yako. Kama hutaki, unisamehe, Mama. Umechelewa kunikataza.

Pumzika sasa. Nakupenda, na nimekukasirikia, na nakukumbuka.

Mwanao,
Aikande