Kaka, Nani Atamsemea Resti Jumamosi?

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Naandika hadharani ili na hawa wa Katesh wanaonisema sokoni wasome wenyewe, wasisimuliwe.

Mpwa wako Resti ameacha shule. Yuko kidato cha tatu, na tangu shule zifunguliwe hajakanyaga. Analala mpaka jua liwe juu, akiamka hasemi. Jumamosi ndugu wa mume wangu, shemeji yako, wanakuja kutoka Getanuwas kufanya kikao, na neno wameshalitanguliza: wamchukue akakae huko kwenye ng'ombe. Wewe na mimi tunawajua wasichana waliopelekwa huko wakatulizwe. Wanakuja kututembelea na mtoto mgongoni. Darasani hakurudi hata mmoja.

"Mama Resti," shemeji mkubwa aliniambia, "huyo simu imemla kichwa. Mlete akamue, akili itarudi."

Nikamuuliza, "Na wa kwako waliokamua, akili zao zilirudi saa ngapi?"

Ndiyo maana wananichukia.

Unakumbuka redio yako? Ulipokuwa na umri wa Resti uliichunga redio kuliko ng'ombe. Siku ile ya mpira, pale Maretadu, ng'ombe waliingia kwenye maharage ya jirani wakala mpaka wakachoka, na wewe umekaa juu ya jiwe, sikio liko redioni. Baba alipofika hukukimbia. Ulimwambia, "Subiri baba, wanakaribia kumaliza." Alikuchapa, kisha akakaa akasikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo anayeniambia kwamba vijana wa zamani hawakutekwa na vyombo, ananidanganya mimi niliyekwenda kuwatoa wale ng'ombe.

Simu si malaika, sisemi hivyo. Lakini mwalimu wa hesabu alihama na hakuletwa mwingine, halafu matokeo yakasomwa mbele ya wazazi, wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanangu aliitwa wa mwisho nami nimekaa pale na kitenge changu kizuri. Watu wazima walicheka. Kisha watu wazima hao hao wanashangaa kwa nini mtoto anajifunika blanketi na kuangalia kioo cha simu.

Simu nilimnyang'anya mimi. Nikaificha ndani ya gunia la maharage stoo, maana nani atachimbua gunia? Shemeji yako, bila kuniuliza, akayapeleka magunia mnadani. Nilipofika nakimbia, mfanyabiashara alikuwa ameshapakia, ameondoka kuelekea Singida. Pale kwenye mizani walinitania: "Mama Resti, tulia, maharage yakifika yatakupigia."

Resti hakucheka. Alisema tu, "Mjomba alikuwa humo."

Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alikurekodi, kaka, ule msimu wa mwisho kabla hujaugua. Upo shambani, unaimba ovyo, unamtania kwamba anahesabu mbuzi kwa vidole. Zile jioni nilizokuwa namfokea azime simu, nyingine alikuwa anakutazama wewe. Nyingine alikuwa anatazama upuuzi, nimeuona kwa macho yangu. Lakini mimi sikuuliza ipi ni ipi.

Na anaamini niliiuza kwa makusudi. Nimeapa, nimelia, nimempigia kila mchuuzi ninayemfahamu. Anageukia ukutani.

Ungefanya nini wewe? Resti alipomtukana mwalimu, ulimchukua ukaenda naye kung'oa maharage, kutwa nzima hukumuuliza kitu. Jioni mnakula viazi ukamwambia, "Haya, nisimulie huyo mwalimu alivyo, nicheke." Alisimulia mpaka akalia, na kesho yake akarudi shule kwa miguu yake. Nimejaribu njia yako. Nimempeleka shambani, nikanyamaza. Jua halijapanda nilikuwa nimeshaanza kumhubiria. Unaujua mdomo wangu. Nimesoma vitabu, nimegombana na wakubwa wa ofisi mpaka wakanikimbia, na mbele ya msichana mmoja aliyejifunika blanketi sijui niseme nini.

Kwetu na kwao ni kitu kimoja: mtoto akishindikana anaitwa mjomba, na mjomba asiposema, mtoto haondolewi nyumbani. Hiyo ndiyo kufuli pekee niliyokuwa nayo. Wanajua umelala kaburini na hatuna kaka mwingine. Ndiyo maana wanakuja sasa, hawakuja ukiwa hai.

Jana Resti alifungua mdomo. "Mama, nikienda Getanuwas, usinitafute tena." Mimi, ambaye watu huacha kilimo cha siku nzima waje kunisikiliza nikibishana kwenye mkutano wa kijiji, nilichukua ufagio nikatoka kufagia uwanja.

Naogopa, kaka. Lakini Jumamosi nitakaa mahali pako. Watasema mwanamke hawi mjomba. Nitawaambia tulinyonya ziwa moja, na neno la upande wetu ni kwamba mtoto haondoki. Sijui kama watasikia. Sijui hata kama Resti atanitazama nikilisema. Ila pikipiki yao ikisimama mlangoni kumpakia, nitakuwa nimelala mbele ya tairi.

Pumzika wewe. Mimi bado sijaruhusiwa.

Dada yako,
Mama Resti