Vichwa vya Maneno Ulivyoniachia

Deo rafiki yangu,

Tangu uende, Kiingereza changu kimepita chako. Hapa Gitega mtaa mzima unaniita profesa, na watu wa ofisini wanakuja kuniuliza maneno magumu.

Bon, uongo. Anayekuja kwangu ni mbuzi wa jirani tu, na hana swali. Daftari la Kiingereza sijalifungua tangu siku tulipokuzika kwenu Muyinga.

We ndiye uliyenifundisha kwamba neno la Kiingereza linashikwa kichwani, kama letu. "Mzee Simoni, sisi tunasema mtu, watu, utu, unatazama mwanzo kwanza. Na wao hivyo hivyo." "Un" inakataa, "re" inarudia, "mis" inaharibu. Uliyasema hayo kwa Kiswahili chako cha Tanzania ulikokulia, kile cha kumwomba kuku samahani kabla ya kumchinja. Mi niliyeishia darasa la nne nikalewa hiyo "un". Sahani tupu nikaiita "unfood". Mke wangu akinuna, "unwife". Mjukuu wangu Grace, aliyezaliwa Australia na hajui lugha nyingine ila Kiingereza, alicheka kwenye simu mpaka mama yake akaja kuangalia kuna nini, na we uliyekaa kando yangu karanga ikakupalia. Karanga zangu, tena.

Wiki iliyopita nilikwenda Muyinga kwenye kuganduka, kuondoa matanga yako. Unajua desturi: kila mtu anataja kazi aliyoiacha kwa ajili ya msiba, kisha anairudia. Mtoto wako mkubwa akashika jembe. Shemeji, mkeo, akasema anarudi sokoni Gashoho na maharagwe yake. Halafu akanigeukia: "Na wewe, mzee wangu, uliacha nini?"

Nikasema sikuacha kitu. Nikashika mrija wa pombe, nikanywa kama ng'ombe, ili wasinitazame usoni.

Niliacha simu, Deo. Kila Jumapili baada ya misa Grace anapiga, nami naiangalia tu, inalia mpaka inachoka. Swali lake la kwanza ni lile lile siku zote: mzee Deo yuko wapi? Hajui bado. Nilimkataza mama yake kumwambia, nikasema hiyo ni kazi yangu. Nimejaribu kulivika neno lile la kufa, "dead", kila kichwa ulichonifundisha, labda kimoja kitalipunguza makali. Halikubali. Na kiti chako kiko tupu, hakuna wa kuninong'oneza nikikosea, hakuna hata wa kuniibia karanga.

Nikiendelea hivi, mtoto atachoka kupiga. Nitakuwa nimewapoteza wawili.

Basi lala, rafiki. Jumapili hii nitapokea, nakuahidi, na nitamwambia mwenyewe, hata kwa makosa.

Ila unakumbuka siku ile uliyolewa kule Mutoyi, nikamwapia shemeji kwamba umeshikwa na malaria? Nilikubeba mgongoni mpaka kitandani, na asante sikuiona. Fadhila hiyo hujairudisha. Irudishe Jumapili: nishikie sauti isikatike, mpaka nifike mwisho wa sentensi.

Simoni