Debe Ulilobeba Wewe

Dada yangu Hilda,

Nakuandikia kutoka Makote, barazani kwako, nimekalia kile kiti cha kamba ambacho ulikuwa hutaki mtu mwingine akikalie. Vero, binti yako, kaniruhusu. Shingo inaniuma na shati limelowa, nitakueleza kwa nini. Ningekuambia ana kwa ana, lakini nilikuwa na zaidi ya miaka sitini ya kukuambia ukiwa hai, na sikuitumia.

Wiki iliyopita maji ya bomba yalifika kijijini. Ndiyo, dada, bomba, hapa hapa nyuma ya kanisa. Waliniita nikate utepe, maana ingawa nimestaafu bado naitwa mheshimiwa, na mheshimiwa hanyimwi mkasi. Nikapewa na kipaza sauti. Unamjua mdogo wako akishika kipaza sauti. Nikaitoa hadithi yangu ile ile: mtoto maskini wa huku uwandani, anaamka alfajiri, anashuka bondeni, anapanda na debe la maji kichwani, kisha anakimbilia shule. Nikafika pale kwenye majani. "Na juu ya maji tuliweka majani mabichi," nikasema, "vumbi la njiani lisiingie." Akina bibi waliokaa mbele wakacheka, nami nikacheka nao, kama siku zote. Sehemu ile haijawahi kuniangusha.

Baada ya sherehe Vero akaniletea chai. Akakaa, akawa anachezea ncha ya khanga yake.

"Mjomba, usinikasirikie. Majani si ya vumbi. Ni ya kutuliza maji yasimwagike ukitembea. Mtu aliyebeba hata siku moja analijua hilo."

Nikamuuliza ni nani mwingine anayejua kwamba sikubeba.

"Wote, mjomba. Toka kampeni yako ya kwanza. Mama ndiye aliyewakataza wasiseme. Alisema, mwacheni mdogo wangu, ana kazi kubwa."

Chai ilipoa mkononi. Nimeona aibu, dada. Si aibu ya kukamatwa na uongo. Nimekaa serikalini muda mrefu, hiyo nilishaizoea. Ni aibu ya kujua kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unanisitiri, huku mimi nakuibia mbele ya macho yako.

Wewe unakumbuka ilivyokuwa. Kila siku uliondoka na akina mama kabla hakujapambazuka, ukaniacha mkekani. Uliporudi jua lilikuwa limeshapanda, na hata pumzi hujaivuta vizuri ulinimiminia maji kidogo kwenye bakuli la bati, ukaninawisha uso, masikio, nyuma ya shingo. "Geuka. Na huku." Mkono wako ulikuwa wa baridi. Halafu nilikutangulia shuleni, kwa sababu wewe ulikuwa bado unajaza mtungi wa mama.

Tulikuwa darasa moja, ingawa ulinizidi miaka minne. Asubuhi moja mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu. "Tazameni mtoto huyu alivyo safi," akasema. "Ndivyo mtoto anavyotakiwa kuja shule." Na wewe ulikuwa mlangoni, kwenye mstari wa wachelewaji, umenyoosha mkono unasubiri fimbo, bega lako bado limelowa. Macho yetu yakakutana. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, maji, na mwalimu angeelewa. Sikulisema. Nilipenda kusifiwa, na kusema kweli mpaka leo sijaacha.

Ulipoacha shule nilijiambia umechoka kuchapwa. Nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni kule upande wa Masasi, ulinibebea sanduku mpaka barabarani, na hilo nalo ulilibeba kichwani. Baadaye nikawa mwalimu, nikawa mbunge, naibu waziri, waziri kamili, nikapelekwa nje kuiwakilisha nchi. Watu husema nilipanda haraka. Nilipanda haraka kwa kuwa sikuwa na mzigo.

Kwenye kampeni ya kwanza, kijana aliyekuwa ananiandalia mikutano aliniambia wapiga kura wanataka kujua nimetoka wapi. Nilitoka kwenye bakuli lako la bati, lakini kunawishwa uso si habari ya jukwaani. Basi nikalichukua debe lako, nikajitwisha. Ulikuwa umekaa mbele kabisa siku ile. Nilipomaliza ulipiga vigelegele kuliko wote, na jioni ukaniambia, "Umeisema vizuri, mdogo wangu. Hata mimi nimesikia shingo inauma." Nikadhani unanisifu. Nikaenda kulala nimefurahi.

Kisha msiba wako. Hapa kalamu inanigomea, lakini ngoja niandike. Kabla hatujakutoa nyumbani nilisimama nikawaambia waombolezaji kwamba mimi na wewe tulibeba maji pamoja. Mbele ya jeneza lako, dada. Hata siku ile sikukuachia debe uwe nalo peke yako.

Mara akatokea mtani wetu, mzee Nampoto, na utani wake wa misibani. Alikuwa na ndoo kichwani, koti la suti limemzidi, tai imekaa mgongoni, maji yanammwagikia usoni, na kwenye ndoo hakuna jani hata moja. Kila hatua mbili anasimama, anawapungia watu mkono. Waombolezaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilimtunza pesa na kumpigia makofi, nikidhani ni vituko tu vya mzee. Alikuwa ananiigiza mimi. Huku kwetu mtani peke yake ndiye anayeweza kumsema mkubwa hadharani na asiulizwe, naye alinisema, kijiji kizima kikaelewa, isipokuwa waziri mstaafu.

Leo asubuhi nimeshuka bondeni. Vero alinizuia, akayataja magoti yangu na presha yangu, nikamwambia aniletee ndoo. Nilikunja khanga yako kuukuu nikafanya ngata ya kichwani. Njia imefunikwa na vichaka lakini ipo, na chemchemi bado inatoka, kidogo kidogo, inabidi usubiri. Sikujua kwamba mlikuwa mnasubiri. Katika hotuba zangu zote maji yalikuwa yanajaa mara moja.

Nikapanda. Nilipumzika sijui mara ngapi. Na utacheka, dada: nilisahau majani. Baada ya yote niliyoambiwa, nilisahau majani! Nilipofika juu nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni, ndoo imebaki nusu.

Akina bibi walikuwa kwenye foleni ya bomba, na Bi Somoe, mwenzako wa njia ile, alikuwa katikati yao. Ni mkubwa kwangu, lakini kwa miaka mingi amekuwa akiniita mheshimiwa, nami nikimwachia anisalimie kwanza. Nikasimama mbele yake na ndoo yangu kichwani.

"Shikamoo, dada."

Akanitazama kuanzia viatu. "Marahaba."

"Mimi sikubeba maji," nikasema, na nikasema kwa sauti ili wote wasikie. "Hata siku moja. Alikuwa anabeba Hilda. Mimi nilikuwa nimelala."

Nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka.

"Tunajua," akasema Bi Somoe. "Tulikuwa naye."

Akachuma majani kwenye ua wa jirani, akayasuuza bombani, akajinyoosha kwa shida akaniwekea juu ya maji. "Haya, malizia. Kwa Hilda si mbali."

Nikamalizia. Kutoka pale mpaka hapa kwako halikumwagika hata tone.

Vero ameniletea lile bakuli lako la bati, kumbe alilitunza. Nimemimina maji humo, yapo mbele yangu wakati naandika. Uso wangu una vumbi la njia nzima, lakini sijathubutu kunawa, maana sijui nianzie wapi. Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia nigeuke.

Ipumzishe shingo yako, dada.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemnawisha uso.