Diski ya Salome

Kilosa, Jumatano

Imewaka, lakini roho inaniuma. Kompyuta niliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya Dar ilikuwa imekataa kuingia Windows mwezi mzima. Salome, mwenye duka la kuchapa barua kama langu, aliunga ya kwake akamaliza siku moja.

Leo nikajishusha, nikamwomba msaada.

“Lete diski yako, kaka, nikunakilie kila kitu cha kwangu.”

Hata hakuringa. Afadhali angeringa!

Nikairudisha diski dukani, mashine ikawaka papo hapo. Kiooni yakatokea maandishi makubwa: KARIBU SALOME.

Mwalimu mstaafu aliyekuja kuchapiwa barua akayasoma kwa sauti. “Kumbe fundi ni yeye?”

Nilishamwamkia alipoingia. Nikamwamkia tena.

“Shikamoo, mwalimu.”