Atasema Akiwa Juu

Jumatatu, 4 Agosti
Mazoezi ya mieleka ya maonyesho, kama kawaida. Kuanguka, kuinuka, kuanguka tena. Ubao wa ulingo umelegea upande wa mlangoni. Bosi Masanja anasema atautengeneza. Hatautengeneza.
Ametangaza pambano la Nane Nane, ukumbi wa Buzuruga: Mamba dhidi ya Malkia. Mamba ni mimi, wa kuzomewa na kushindwa. Malkia ni Neema. Zamani Malkia nilikuwa mimi, mpaka mwaka jana kule Butimba aliponinyanyua akaniachia. Mfupa wa bega ukavunjika, jina akarithi yeye. Wote walisema ajali. Hata yeye alilia hospitalini, machozi kabisa. Lakini niliuona uso wake kabla sijafika chini. Alikuwa anatazama ninavyoanguka.

Jumanne, 5 Agosti
Sitaki damu yake. Nataka aseme. Kwa mdomo wake.

Jumatano, 6 Agosti
Leo nimemsuka nywele. Kichwa chake chote mikononi mwangu, naye anapiga umbea. Tukala sato sahani moja, nikamwachia kichwa cha samaki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Watazamaji hawajui kwamba kunyanyua ni kazi ya wawili. Anayenyanyuliwa ndiye anayeruka. Asiporuka, hata mbeba mizigo wa bandarini hamwinui. Kwa hiyo lazima aniamini. Mashavu yananiuma kwa kutabasamu.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumepanga hatua zote. Nimnyanyue, nizunguke naye mara moja, nimlaze taratibu. Kisha anigeuze, ashinde.
"Dada Kabula, yale ya Butimba tusameheane. Ilikuwa bahati mbaya tu."
Nikamwambia yameisha. Nimefika nyumbani nikavunja kikombe. Makusudi.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane
Imekwisha.
Tulibadilishia nguo stoo, kati ya kreti za soda. Mama yake Neema alikuja kutoka Bukoba, mara yake ya kwanza kumwona akicheza. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, unishikie binti yangu vizuri. Moyo ulitaka kulegea. Nikaukatalia.
Ulingoni walinizomea mpaka raha. Nikainama, Neema akaruka, akatua mabegani mwangu. Nikazunguka mara moja. Sikumshusha. Nikasogea kwenye kamba, upande wa sakafu ya saruji. Alielewa hapo hapo. Mwili ukakakamaa kama gogo, kucha zikanizama shingoni.
"Sema," nikamwambia.
"Dada, nishushe."
"Butimba. Sema."
Spika zilikuwa zinanguruma, watu wamesimama juu ya viti. Walidhani naonyesha nguvu. Bega langu lilikuwa linawaka moto.
"Nilikusudia! Nilitaka niwe Malkia mimi. Nilikusudia, dada, nishushe!"
Nilifurahi. Humu siandiki uongo, nilifurahi sana. Na bado nilitaka kumwachia. Mikono ililegea kidogo, naye akaihisi, akaanza kumwita mama yake. Ndipo nikarudi katikati nikamlaza kama yai.
Alitakiwa anigeuze. Hakuweza hata kupiga magoti. Ikabidi nimvute mwenyewe anilalie kifuani, refa ahesabu, ashinde. Mama yake alikuwa anapiga vigelegele.

Jumamosi, 9 Agosti
Bosi amepiga simu asubuhi. Anasema ile ya kumshikilia juu muda mrefu imeua, tuiweke kila onyesho. Akauliza bega linaendeleaje tangu ile ajali. Neema ameshasema, lakini aliyesikia ni mimi peke yangu. Nikajibu linaendelea vizuri.
Neema hapokei simu ya mtu.
Ziwa limetulia leo. Nimefua nguo za ulingoni, nimezianika juu ya mawe. Shingoni kuna alama za kucha, nne upande mmoja. Mdogo wangu alikuja na mafuta anipake. Nimemwambia aziache.