Picha Yenye Herufi T

Kaka Verlin,

Pokea salamu zangu kutoka huku Carbondale. Goti lako limepoa? Na wifi Nadine, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili haujambo, ila moyo unachemka, na nisipokuandikia nitapasuka.

Kazi yangu waijua: nakata kuvumwani, yale majani laini ya kinamasini, vipande vyembamba, navipaka dawa yenye chembe za dhahabu, kisha natazama kwa hadubini. Penye protini ya ukuta wa seli, dhahabu hunasa na kuonekana kama nukta nyeusi. Mwaka juzi niliziona zimeizunguka mbegu changa ya kiume, kisha zikapungua kadiri ilivyojiandaa kuuvua ukuta ikaogelee. Nililia pale pale kitini.

Daktari Crewe, mkuu wetu, alitupa jicho mara moja akasema ni uchafu. "Wewe kata tu, dada. Kufikiri tuachie wenyewe."

Basi Jumatatu makala imetoka, na ugunduzi ni wake. Jina langu halimo hata kwenye shukrani. Nilipomuuliza, alicheka mbele ya watu, akasema fundi cherehani hadai kuitwa bibi harusi. Mshenzi yule! Miaka kumi na moja namkatia.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Picha aliyoichapisha siyo yenyewe. Alifungua droo yangu nikiwa likizo, akachukua iliyoandikwa T, akidhani ni T ya Twyla. Kwangu T ni takataka, kaka. Kipande kile sikukiosha vizuri, dhahabu imeganda ovyo, hata pasipo na seli. Mwezi wa tatu, akiiandaa makala, aliniuliza kama hiyo ndiyo bora yangu, nikasema ndiyo. Nilitaka aumbuke.

Ila Marisol, mwanafunzi wetu, shahada yake yote ameijenga juu ya picha hiyo, na mimi nilimwona akijenga nikanyamaza. Jana alinikumbatia, akasema, "Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama."

Crewe alistahili hasira yangu. Huyu binti hakunikosea kitu.

Asubuhi hii namwambia yeye kwanza, kabla ya Crewe, kabla ya wachapishaji. Kazi itaniponyoka, najua. Hilo halinitishi kama uso wa Marisol.

Nibusie watoto, na umwambie wifi anywe tangawizi.

Ni mimi mdogo wako, niliyedanganya kwa neno moja,
Twyla