Nimekukana Ndani ya Basi

London, Jumamosi

Babu yangu wa Kwihara, shikamoo. Mwili ni mzima, ingawa baridi ya huku inauma hadi kwenye meno. Kilichoniponza leo ni mdomo wangu.

Sisi walimu tuliokuja masomoni tulitembezwa mji kwa basi la ghorofa. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekaa karibu nami alisikia natoka Tabora, akauliza kama wazee wangu walikuwa wapagazi. Nikajibu haraka, "La, babu yangu alikuwa mfanyabiashara." Wewe, mwenye sugu ya pembe za ndovu begani, uliyekwenda pwani kwa miguu mara tatu.

Basi likasimama sokoni. Akapita Mzungu mzee na vikapu kumi vya mboga kichwani, vimepandana, wala havishiki kwa mkono. Watu wakampigia makofi. Dereva akasema kwa fahari, "Baba yangu naye alikuwa mpagazi hapa." Yule mama akanigeukia akitabasamu. Nikatazama viatu vyangu.

Mungu akuweke, Babu, nije nikukute. Mdogo wangu Monika akikusomea kadi hii asinong'one. Asome kwa sauti, hata kama una wageni barazani.

Mjukuu wako,
Yosefu